Kabla ya Masika: Barua ya Wazi kuhusu Nyumba za Mji wa Kale, Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, na wakuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Salamu na heshima nyingi.

Mjadala wa Mji wa Kale umerudi, na kama kawaida watu wamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja lasema nyumba hizi zimezeeka, zivunjwe, yapande maghorofa watu wapate pa kukaa. Fungu la pili lasema huu ni urithi, asiguse mtu hata kwa nyundo. Sisi tunaoandika ni waashi wa chokaa, maseremala na wakaazi wa Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, na kwa maoni yetu mafungu yote mawili yamekosea ugonjwa. Nyumba ya mawe haiuawi na uzee. Ngomeni pale, Fort Jesus, ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa matumbawe na chokaa, na kuta zingali zimeikabili bahari. Nyumba zetu nyingi hazijafika hata nusu ya umri huo. Kinachoziua ni maji yanayoingia mahali yasipotakiwa, na saruji inayoyazuia kutoka. Yote mawili yana dawa, na dawa yenyewe ni kazi ndogondogo zenye msimu wake. Tunachowaomba ni kuzifanya kazi hizo ziwezekane kabla ya masika, au mvua za mwaka kama wasemavyo wazee, kila Februari, bila kungoja mradi mkubwa wa mfadhili.

Tuanze juu, kwa sababu maji huanzia juu. Paa la nyumba ya kawaida ya ghorofa moja huku kwetu lina kama mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 50 kwa siku si jambo la ajabu Mombasa, hasa mwezi wa Mei ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi mwakani. Hesabu ni rahisi: lita 4,000 zimeanguka juu ya paa hilo siku hiyo moja. Gata likiwa zima, maji yanateremka kwa paipu hadi mtaroni. Gata likiwa limeziba kwa majani na vijiti vya viota vya kunguru, au limeoza pembe moja, maji yote hayo yanamwagika mahali pamoja, kwenye ukuta mmoja, mvua baada ya mvua. Pita vichochoroni uangalie: penye mstari wa kijani kibichi ukutani, inua macho, utaliona gata lililotoboka. Na upepo wa kusi ndio unaoleta mvua hizo, kwa hiyo kuta zinazoelekea kusini na mashariki hupigwa mara mbili, na mvua yenyewe na maji ya paa.

Sasa maji hayo yakiingia ukutani yanafanya nini? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo, tusameheane, baadhi ya mainjinia waliosomea majengo ya zege peke yake. Ukuta wa matumbawe wa sentimita 45 hadi 60 unavuta maji na kuyatoa. Ndivyo ulivyokusudiwa. Jiwe lenyewe lina vitundu, na chokaa iliyoshika mawe ina vitundu vingi zaidi, basi unyevu wa chini unapanda kiasi, unafika usawa wa goti au kiuno, kisha unatokea nje kama mvuke na ukuta unakauka. Ukiupiga ukuta huo plasta ya saruji umeufunga mdomo. Unyevu haukomi kupanda kwa sababu umeuzibia njia. Unatafuta pa kutokea juu zaidi, unapita usawa wa kifua, unapita kichwa, mpaka unafika zilipokaa ncha za boriti. Pamoja na maji hupanda chumvi. Huko juu maji yanapokauka chumvi inageuka chembe ngumu ndani ya jiwe, inatanuka, na jiwe linakuwa unga. Baada ya miaka michache plasta ya saruji inaanza kutoa sauti ya ngoma ukiigonga kwa kidole. Inaanguka bamba zima, na nyuma yake unakuta jiwe limekuwa kama sukari iliyomwagikiwa maji. Mwenye nyumba anaona plasta imeanguka, anaita fundi, fundi anapiga saruji nene zaidi. Ugonjwa umepewa sumu kwa kijiko kikubwa.

Rangi nayo ina mambo yale yale. Mwaka 2018 lilipotoka agizo la kupaka majengo ya katikati ya mji nyeupe na buluu, mji ulipendeza machoni, hilo hatulikatai. Lakini rangi ya plastiki juu ya ukuta wa chokaa ni kama kumvisha mtu koti la mvua wakati wa kaskazi. Weupe wa asili wa nyumba hizi ni chokaa iliyolainishwa kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ikapakwa mara nne au tano, kila mkono ukiwa mwembamba na ukuta umelowanishwa kwanza. Mkono wa kwanza ukikauka hauonekani kitu, watu hudhani fundi amewadanganya. Weupe huja mkono wa tatu. Kama agizo la rangi litatolewa tena, ongezeni mstari mmoja tu: nyumba za chokaa zipakwe chokaa.

Boriti ndiyo roho ya nyumba. Wafanyabiashara wa mikoko wa Lamu wana daraja zao: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na unene wake, na boriti ni ile ya sentimita 11 hadi 14 au karibu na hapo. Vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kwa sababu hiyo. Upana wa chumba ni urefu ambao boriti inaweza kubeba, mita mbili na nusu hadi tatu, basi. Juu ya boriti hulazwa mawe bapa, juu ya mawe hushindiliwa kokoto na chokaa, na hiyo ndiyo sakafu ya dari. Ni nzito: unene wa sentimita 25 una uzito wa kilo 450 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Boriti nzima inauhimili mzigo huo miaka na miaka. Haihimili ziada. Na ziada tunaipandisha wenyewe. Dari ikivuja mtu anamwaga zege la sentimita tano juu yake. Katika chumba cha mita nne kwa mbili na nusu amepandisha tani moja na kilo mia mbili. Ikivuja tena anamwaga jingine. Kisha analeta tangi la lita 1,000 na kuliweka katikati ya dari, mbali na kuta, kwa sababu katikati pana nafasi. Hiyo ni tani nyingine juu ya eneo la mkeka wa kuswalia.

Lakini boriti haivunjiki katikati mara nyingi. Inaoza ncha, ile sentimita 20 au 30 iliyozamishwa ukutani, pale pale chumvi na unyevu wa saruji vilipofika. Ukiitazama kutoka chini chumbani ni nzima, nyeusi, imenyooka. Kuijua yataka msumari mrefu wa inchi sita: sukuma kwa mkono, bila nyundo, pale boriti inapoingia ukutani, upande wa chini na ubavuni. Ukiingia sentimita mbili bila shida, ncha imekufa. Gonga kwa mpini wa nyundo, sikiliza. Nzima hulia kama ngoma iliyokazwa, mbovu hunong'ona. Chumba chenye boriti kumi na mbili kinakaguliwa kwa nusu saa. Mafundi wawili wenye ngazi, msumari na chaki wanaweza kumaliza nyumba tano au sita kwa siku. Hiyo ndiyo gharama yote ya ukaguzi tunaouomba ufanywe kila Februari.

Na ikionekana mbovu? Hapa tuna lawama, na tutaisema kwa adabu. Mara nyingi nyumba ikishashukiwa huja mtu na kopo la rangi nyekundu, anachora X ukutani, na habari inaishia hapo. Wapangaji wanahama. Nyumba tupu haina wa kufungua madirisha asubuhi, haina wa kuzibua gata, haina wa kuona tone la kwanza likianguka. Nyumba ambayo ingesimama miaka kumi na watu ndani yake inaanguka kwa masika mawili. X peke yake haijawahi kuzuia ukuta kuanguka. Kinachozuia ni mihimili ya kuegemea: ubao mzito ulazwe chini ya boriti zote, nusu mita kutoka ukutani, uinuliwe kwa nguzo za chuma za kukazwa kwa skrubu, zile zile zinazokodishwa kwa kazi ya kumwaga zege, nguzo moja kila mita moja. Nguzo zikalie ubao, zisikalie sakafu tupu. Na kama chumba ni cha ghorofani, nguzo zishuke mpaka ardhini, ghorofa kwa ghorofa, nguzo juu ya nguzo. Kosa linalofanywa kila mara ni kuegemeza dari ya juu juu ya dari ya chini ambayo nayo ni mbovu. Saa nne za kazi, na watu hawalali nje. Anayechora X achore, lakini aje na nguzo.

Baada ya hapo boriti hubadilishwa moja moja, si zote kwa mpigo. Ncha iliyooza hukatwa mpaka penye mti mzima, kipande kipya hulazwa ubavuni kikiipita ile ya zamani kwa mita moja hivi, vikafungwa kwa bolti tatu. Mwisho wake ukutani uachiwe nafasi ya vidole viwili pembeni ipite hewa. Usizibwe kwa saruji. Mti wenyewe usiwe wa msonobari kutoka bara, mchwa wataumaliza kabla mwenye nyumba hajalipa deni. Uwe mkoko au muia, ambao nao ni wa jamii ya mikoko. Na hapa Serikali yenyewe ilitufunga mikono: chini ya katazo la kukata miti la 2018, lililowagusa hata wakataji wa mikoko wa Lamu, aliyetaka boriti sita halali kwa nyumba yake alikuwa kama anayetafuta pembe za ndovu. Hatuombi mikoko ifyekwe, sisi ni watu wa pwani na tunajua samaki wanazaliwa wapi. Tunaomba Kaunti izungumze na Shirika la Huduma za Misitu upatikane mgao mdogo wa kila mwaka, wenye stakabadhi, wa nyumba za urithi peke yake, na boriti hizo zihifadhiwe bohari moja hapa mjini.

Bohari hiyo hiyo iwe na mashimo ya chokaa, na hili tulieleze polepole kwani ndilo tunaloliona la maana kuliko yote. Chokaa ya mfuko, ile ya kuchanganyia saruji, haifai peke yake kwa kazi hii. Ikikaa dukani inakuwa imeshakufa nusu. Inayofaa ni ile iliyochomwa, ikatiwa maji ikachemka na kupasuka, ikachujwa, kisha ikalala shimoni chini ya vidole vinne vya maji kwa miezi mitatu. Ikitoka inakatika kwa mwiko kama siagi. Vipande visivyopasuka vikibaki ndani yake vitakuja kupasuka ukutani, plasta ifanye ndui. Shimo la mita mbili kwa moja na nusu, kina mita moja, linatoa mita tatu za ujazo, yaani madebe 150. Ukuta wa mita 20 za mraba, plasta ya sentimita mbili, unakula madebe saba ya chokaa na madebe 20 ya mchanga. Shimo moja, basi, linatosha kuta 20 na salio. Mchanga uwe wa mto, au uoshwe kwa maji matamu mpaka ukiulamba usihisi chumvi. Mchanga wa pwani ni kuurudisha ugonjwa mlangoni.

Plasta hupigwa kwa mikono miwili, kila mmoja usizidi sentimita moja, na baina yake siku kadhaa. Ukuta ulowanishwe tangu jana yake. Ukishapigwa ufunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima yasipigwe na jua, kwani chokaa haikauki ikawa ngumu, inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa huku ikiwa na unyevu, na ikikaushwa haraka inabaki vumbi tu. Ndiyo maana mkandarasi anayelipwa kwa siku anaichukia. Tumeona karatasi za zabuni za kazi za umma katika nyumba za kale zikiandikwa "plasta ya saruji moja kwa nne" kama kwamba ni ukuta wa shule mpya. Mkandarasi akifuata karatasi hiyo hana kosa. Mwenye kosa ni aliyeiandika. Badilisheni karatasi.

Miti inayoota ukutani ni jambo dogo, tusilikawilie. Mikuyu huoteshwa na kinyesi cha ndege kwenye nyufa. Msiwatume vijana wa usafi waing'oe. Mzizi ukishakuwa mnene kama kidole gumba unatoka na mawe yake. Ikatwe, kisiki kipakwe dawa siku hiyo hiyo, kiachwe kife chenyewe, ndipo ufa uzibwe kwa chokaa.

Jambo jingine lililo mikononi mwa Kaunti moja kwa moja ni kabro, yale matofali ya zege yanayotandazwa njiani. Barabara ikitengenezwa upya, aghalabu kifusi kipya hulazwa juu ya kile cha zamani na kabro juu yake. Sentimita kumi leo, kumi baada ya miaka kadhaa. Baraza lililokuwa la kukalia sasa ni la kuinamia, na kizingiti cha mlango kilichokuwa juu ya njia kimekuwa sawa nayo au chini yake. Maji ya mtaa mzima yanaingia ukumbini. Milango ya nakshi imeanza kuoza miimo kutoka chini, na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, ukioza mguu, mlango wote unalala na kumfuata fundi wa kwanza atakayetoa bei, kisha unaonekana kwenye hoteli. Sharti ni moja: kabla ya kulaza kabro, usawa wa kizingiti cha chini kabisa katika kichochoro upimwe, na njia ikae chini yake kwa sentimita 15, hata kama itabidi kuchimba.

Tunajua mtatujibu kuhusu sheria na wenyewe. Katiba imeiachia Serikali ya Kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na mipango ya mji ikaipa Kaunti. Makumbusho wana Sheria ya 2006, Kaunti ina Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019. Vizuri. Lakini mwenye nyumba anayetaka kubadilisha mabati kumi na gata moja hana haja ya kujua hayo yote, naye hupigishwa mguu baina ya milango miwili mpaka mvua inanyesha, au anaamua kufanya usiku, kwa saruji. Wekeni dirisha moja. Kwa kazi nne, yaani paa, gata, plasta ya chokaa na ncha za boriti, kibali kitoke kwa siku saba, kwa picha na fomu ya ukurasa mmoja, bila michoro ya msanifu. Anayetaka kuongeza ghorofa au kubomoa, huyo apite njia ndefu, na iwe ndefu kweli.

Wenyewe nao ni kisa. Nyumba nyingi ni za wakfu, nyingine ni mirathi ya watu thelathini waliotawanyika kutoka Malindi hadi Maskati, na mpangaji analipa kodi isiyotosha hata ndoo ya rangi. Hakuna wa kumtoza. Katika hali hiyo tunapendekeza Kaunti itengeneze paa yenyewe na gharama iandikwe kama deni juu ya kiwanja, lilipwe siku kitakapouzwa au kugawanywa. Warithi wasiosikilizana juu ya mirathi husikilizana upesi sana juu ya deni.

Kwa wale wa fungu la kwanza, wanaotaka kuvunja: hatusemi kila ukuta wa tumbawe ni hazina. Ziko nyumba zilizopita kiasi, na kiwanja cha aina hiyo kijengwe, kwa urefu unaolingana na majirani. Lakini msituambie haiwezekani. Nyumba ya Leven ilikuwa imefika kuwa gofu, na leo imesimama na paa lake, inatazama Bandari ya Kale. Iliwezekana kwa nyumba kubwa, ya baharini, yenye jina. Zilizobaki nyuma ni zile zisizo na jina, na ndizo watu wanamolala.

Kwa hesabu ya msimu, muda ndio huu. Chokaa ikitiwa maji shimoni mwezi wa Novemba, inakuwa tayari Februari. Wakaguzi wakipita wiki mbili za mwanzo za Februari, nguzo zinawekwa kabla ya mwezi kwisha, magata na mabati yanamalizwa Machi. Plasta ya kuta za kusini ingoje mvua ipite, ipigwe kuanzia Agosti. Mahali pa kuchimba mashimo mawili panatosha uwani pa jengo lolote la umma lililo wazi hapa Mji wa Kale, na mafundi wanaojua kuchuja wapo. Tunaomba jibu kwa maandishi, na siku ya kuonyeshwa mahali pa kuchimba.

Wenu,
Mafundi na wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa